Mayai yaliyopangwa kama shanga: jinsi ya kumtambua kunguni wa shamba kabla hajatawanyika

Mvua ikishanyesha huku Turkana na mimea ikaanza kuota, swali ninaloulizwa zaidi hapa Namoruputh ni hili: "Haya mayai ni ya nini?" Mtu huja na jani la kunde mkononi, au hunionyesha picha kwenye simu. Ni vijidonge vidogo vilivyoshikana kwa mistari chini ya jani, kwenye wavu wa dirisha, hata kwenye pindo la shuka iliyoanikwa nje. Mara nyingine vimeshaanguliwa, na juu yake wamejazana wadudu wadogo wa rangi ya machungwa, wamekaa kimya kama wanaosubiri kitu.

Jamaa zangu wa Kilifi na Kwale nao hunitumia picha za namna hiyo hiyo, ndiyo maana nimeona niliandike jambo hili mahali ambapo watu wa Pwani hulisoma. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku na kazi. Namoruputh iko Loima, magharibi mwa Lodwar, katika nchi kavu ya mathenge na mikoma. Ndani ya nchi hiyo watu wamejitahidi kupanda mtama, kunde, mchicha na sukuma wiki kwa maji ya mto Turkwel au kwa maji ya kubeba kichwani. Bustani ya namna hiyo haina nafasi ya kupoteza. Ikiliwa, nyumba hiyo haina mboga.

Jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni kwamba mayai husomeka. Ukiyatazama vizuri utajua mwenyewe ni nani, siku zilizobaki ni ngapi, na kama kuna haja ya kufanya lolote. Asiyeyatazama hukimbilia dawa, na dawa hiyo huishia kwenye sufuria ya watoto.

Kunguni gani huyu?

Jina "kunguni" huwatisha watu kwa sababu sote tunamjua yule wa kitandani. Huyu ni mwingine. Ni wa ukoo mmoja kwa mbali, lakini hanyonyi damu, haishi kwenye godoro, wala hali nguo au mbao. Yeye hunyonya mimea. Mwili wake ni mpana na bapa kama ngao, na ukimgusa hutoa majimaji yenye harufu kali inayokaa kwenye vidole hata baada ya kunawa. Wengine humwita mdudu mnukaji. Mimi hapa nitamwita kunguni wa shamba.

Wako wa aina nyingi. Anayejulikana zaidi ni yule wa kijani kibichi, ambaye wataalamu humwita Nezara viridula. Alipewa jina hilo la kisayansi tangu mwaka 1758, na leo ameenea karibu kila bara lenye joto. Wengi waliomchunguza wanaamini asili yake ni upande huu wetu wa Afrika Mashariki au nchi za bahari ya Mediterania. Kwa hiyo usimdhanie kuwa mgeni aliyekuja juzi. Hula kunde, maharagwe, nyanya, pamba na mtama ambao punje zake bado zina maziwa.

Wa pili ni mdogo zaidi, milimita tano hadi saba, mweusi mwenye madoa ya machungwa na meupe. Huyu ni Bagrada, adui wa sukuma wiki na kabeji. Wa tatu, kwa wenye jamaa nyanda za juu, ni kunguni wa kahawa.

Kwa nini wanaonekana nyumbani? Kwanza, wengi wao huvutwa na taa usiku. Taa ya sola iliyowashwa mlangoni huwaita kutoka mbali, na jike aliyebeba mayai akitua kwenye wavu wa dirisha huweza kuyataga hapo hapo. Pili, mahali pakavu kama huku, kitalu kimoja cha kijani nyuma ya nyumba huonekana kama hoteli iliyo wazi peke yake mji mzima. Wadudu wote wa jirani hukusanyika hapo.

Jinsi ya kuyasoma mayai

Chukua jani, ligeuze, litazame kwenye mwanga. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, piga picha kisha uikuze. Angalia mambo manne.

La kwanza ni umbo. Yai la kunguni wa shamba lina umbo la pipa dogo lililosimama wima, na juu lina kifuniko cha duara. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote. Ukiona kifuniko, mayai mengi ya nondo na vipepeo yameshatoka kwenye hesabu. Ukubwa wake ni kama milimita moja au zaidi kidogo, sawa na punje ya wimbi.

La pili ni mpangilio. Mayai yamegandishwa ubavu kwa ubavu, kwa mistari iliyonyooka, kama shanga zilizoshonwa. Wa kijani hutaga mengi kwa mpigo, mara nyingi kati ya 30 na 130, na kundi lake huwa na pembe kadhaa. Aina nyingine hutaga 12 au 14 tu. Bagrada ndiye mwenye tabia tofauti. Yeye mara nyingi hutaga yai moja moja, na hupenda kuyaacha kwenye udongo karibu na shina. Kwa hiyo ukiona sukuma wiki imepauka na kujikunja lakini majani hayana yai hata moja, kwaruza udongo.

La tatu ni rangi, nayo ndiyo saa yako. Mayai ya kunguni wa kijani yakitagwa huwa ya rangi ya krimu au manjano hafifu. Siku zinavyokwenda hugeuka kuwa ya waridi, kisha ya machungwa yanayoelekea wekundu. Yakikaribia kuanguliwa utaona kwenye kifuniko alama nyeusi ndogo yenye pembe tatu. Hicho ni kifaa cha kinda cha kusukumia kifuniko kutoka ndani. Kwenye joto la kutosha mayai huchukua kama siku tano tangu kutagwa hadi kuanguliwa. Penye baridi huweza kufika wiki mbili au tatu. Kwa joto la Lodwar na Namoruputh, na hata la Malindi, hesabu siku chache tu.

La nne ni jinsi ganda lilivyofunguka. Yakiwa yameshaanguliwa, yai lililotoa kunguni huacha kifuniko kimefunguka vizuri kwa mzunguko, kama kopo lililofunguliwa kwa ufunguo. Yai lenye tundu lililotafunwa, lenye kingo zisizo sawa, limetoa kiumbe mwingine. Nitamweleza baadaye, maana huyo ni rafiki.

Siku ambazo makinda hukaa pamoja

Makinda yakitoka hayaendi popote. Hukaa juu ya maganda ya mayai au kando yake, yamesongamana, kwa siku kadhaa, bila kula mmea wowote. Watu wengi huona ajabu, lakini kuna sababu. Mama yao huacha juu ya mayai vijidudu visivyoonekana kwa macho, na makinda huvinyonya kutoka kwenye ganda. Vijidudu hivyo huishi tumboni mwao na kuwasaidia kukua. Vilevile, kukaa pamoja kunayasaidia yasikauke, jambo kubwa mahali penye upepo wa moto kama huku.

Baada ya kujivua ngozi mara ya kwanza, huanza kutafuta chakula na kutawanyika. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kundi la makinda 80 lililokuwa kwenye jani moja sasa liko kwenye mashina 20, kila moja na mdomo wake wa sindano.

Kinda hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mkubwa, na kila mara hubadilika sura. La kijani huanza likiwa la machungwa, kisha huwa jeusi lenye madoa meupe mgongoni, kisha huanza kuwa na kijani chenye madoa meupe na mekundu. Halina mbawa hadi mwisho. Kwa sababu hiyo watu hudhani ni wadudu wanne au watano tofauti, na kila mmoja anunuliwe dawa yake. Ni mmoja. Tangu yai hadi mkubwa ni kama wiki tano kwenye joto.

Madhara yenyewe huonekana hivi. Maganda machanga ya kunde hukunjamana na punje ndani hubaki ndogo, au huanguka. Nyanya huwa na mabaka meupe yaliyofifia chini ya ngozi, na ukiikata hapo nyama yake ni ngumu kama sifongo. Mtama uliochomwa wakati wa maziwa hutoa punje nyepesi.

Mayai yanayofanana nayo

Kabla hujaponda kitu, hakikisha si mayai ya mwenzako wa kazi. Haya ndiyo ninayoletewa mara kwa mara.

Mayai ya manjano, membamba kama punje za mchele zilizosimama, bila kifuniko, karibu na vidukari: hayo ni ya yule mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi. Anakula vidukari yeye na watoto wake. Yaache.

Yai moja moja lililosimama juu ya unywele mwembamba, kama bendera kwenye mlingoti: ni la mdudu mwenye mbawa za kijani za wavu. Naye anakula vidukari. Liache.

Mayai ya kahawia yaliyosimama kama chupa ndogo, yenye vifuniko, mara nyingi yamepakwa gundi: huweza kuwa ya kunguni mwindaji, anayewachoma na kuwanyonya wadudu wengine. Haya ndiyo yanayochanganya zaidi. Ukiwa na shaka, fanya jaribio la kopo nitakalolieleza hapa chini.

Rundo la mayai lililofunikwa na manyoya ya kijivu kwenye mahindi au mtama: ni la viwavijeshi vamizi, wale waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017. Hayo yaponde bila kungoja.

Ndani ya nyumba, mayai meupe magumu ya mviringo, mawili mawili kwenye ufa wa ukuta, makubwa kuliko choroko, ni ya mjusi kafiri. Kijipochi cha kahawia chenye mshono ubavuni ni cha mende. Kifuko cha hariri ni cha buibui. Rundo la chembe za kahawia zinazong'aa, mamia kwa maelfu, penye kulala mbwa au mbuzi, ni mayai ya kupe, na hilo ni jambo la kushughulikiwa upesi. Mayai meupe kama lulu yaliyotawanyika kwenye nyufa za kitanda ni ya kunguni wa damu. Nayo yana kifuniko kidogo, lakini hayapangwi kwa mistari wala huyapati kwenye jani.

Jaribio la kopo

Ukishindwa kuamua, kata kipande cha jani chenye mayai, kitie ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, funika kwa kitambaa chepesi na ukaze kwa mpira. Weka kivulini, mbali na jua la moja kwa moja. Tazama asubuhi na jioni.

Wakitoka wadudu wa mviringo wa machungwa wakakaa juu ya maganda, ni kunguni wa shamba. Wakitoka viwavi, ni nondo au kipepeo. Na ikiwa mayai yamegeuka kuwa ya kijivu au meusi, kisha vikatoka vijidudu vyeusi vyenye mbawa, vidogo kama kichwa cha pini, fungua kopo karibu na bustani uviache viende.

Hivyo ni vinyigu. Usiogope jina, haviumi binadamu. Jike hutoboa yai la kunguni na kuweka yai lake ndani, na mtoto wake hukila kile kilichomo. Kinyigu kimoja huweza kumaliza kundi zima la mayai. Kuna aina iitwayo Trissolcus basalis iliyochukuliwa Misri mwaka 1933 na kupelekwa Australia kwa kazi hiyo hiyo ya kupambana na kunguni wa kijani. Kwetu huku vinyigu wa namna hii wapo bila kuagizwa na mtu.

La kufanya, na la kutofanya

Mama mmoja jirani yangu, mwenye kitalu cha kunde na mistari michache ya mtama, aliniita akiwa na kichupa cha dawa ya kuogeshea mbuzi. "Ndugu, hii si inaua kupe? Basi itaua na hawa." Nilimwambia ni kweli itaua, lakini majani ya kunde ndiyo mboga yake ya jioni. Dawa ya mifugo haikutengenezwa kwa chakula, na hakuna anayejua itakaa kwenye jani siku ngapi. Tuligeuza majani pamoja tangu mwanzo wa kitalu hadi mwisho wake. Tulipata makundi sita. Mawili yalikuwa yameshageuka meusi, tukayaacha. Manne tuliyachuma na majani yake. Kazi yote haikufika saa moja, na maji yaliyotumika hayakujaza bakuli.

Njia yenyewe ni hiyo. Mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema, geuza majani. Penye mayai mazuri au makinda yaliyojikusanya, chuma jani zima taratibu na ulitumbukize kwenye maji ya sabuni. Huku maji ni ya thamani, kwa hiyo tumia yaliyobaki ya kufulia. Wakubwa wachukuliwe asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijawapasha moto, maana huwa wazito. Shika kopo la maji ya sabuni chini yao na utikise tawi, wengi hujiangusha wenyewe. Palilia magugu yaliyo kando, kwa sababu hujificha humo. Majimaji yao yakikuingia jichoni huwasha, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujigusa uso.

Mayai yaliyo kwenye wavu, ukuta au nguo hayahitaji dawa. Yakwangue kwa kisu butu au kadi ngumu yaangukie kwenye maji ya sabuni. Usinyunyize kitu ndani ya chumba wanamolala watoto kwa ajili ya mdudu asiyemla mtu. Zima taa ya nje isipohitajika.

Ikiwa shamba ni kubwa na mkono hautoshi, muone afisa wa kilimo wa eneo lako kabla ya kununua. Dawa yoyote iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu nchini, na lebo yake itaje zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kumbuka pia kwamba ganda hulikinga yai, kwa hiyo ukinyunyizia mayai huenda ukaua vinyigu vilivyokuja kukusaidia, na kunguni akatoka salama.

Kwa wa Pwani

Wenye minazi wanaye jamaa wa karibu wa mdudu huyu, kunguni wa mnazi, anayechoma vidaka na kuvifanya vianguke au viwe na makovu. Hushambulia pia mikorosho na miembe. Yeye hatagi kwa mistari kama shanga. Huweka yai moja moja, hivyo kuyatafuta huko juu ni kazi bure. Adui yake ni maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani na kufanya viota mitini. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazi yenye maji moto huumia kidogo kuliko isiyo nao. Najua wanauma, na mkwezi hawapendi. Lakini kabla ya kuwachoma moto, hesabu vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi wenye kiota na chini ya ule usio nacho.

Kwa wenzetu wenye vitalu vidogo kandokando ya nyumba huko Kakuma na Kalobeyei, na kwa wenye kunde nyuma ya jikoni huko Malindi au Msambweni, ratiba ni moja. Rangi ya krimu, una siku kadhaa. Rangi ya machungwa, chuma leo. Makinda yamekaa pamoja, chuma sasa hivi. Rangi nyeusi, acha.